Jumamosi Niliyowanyima Watu Maji

Nasikia siku hizi mnabonyeza kitufe tu na mashine inajiosha yenyewe. Hongereni. Mimi nimestaafu, na magoti yangu yalistaafu kabla yangu, lakini mdomo bado uko kazini. Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii ya kusafisha maji ya viwanda mtanivumilia kidogo, mpende msipende.

Naitwa Ndunge. Nilifanya kazi katika kiwanda cha kupaka vitambaa rangi, upande wa kusini wa Kitui, kando ya barabara ya kwenda Ikutha. Nilianza kwa kukunja vitambaa, kazi safi ya kukaa kitako, halafu nikaomba nihamishiwe nyuma ya kiwanda, mahali watu walipaita jikoni kwa shetani kwa sababu ya mvuke na harufu. Wenzangu walidhani nimerogwa. Huko nyuma ndiko nilikomalizia miaka yangu, na sijuti hata chembe.

Sikilizeni jinsi mambo yalivyokuwa. Pamba haishiki rangi vizuri bila chumvi. Tulikuwa tunatia rangi vitambaa vya sare za shule, buluu, kijani, ile nyekundu iliyoiva, na kwa kila pipa la rangi tulimwaga chumvi gunia baada ya gunia. Kitambaa kinakunywa rangi, chumvi kinaiacha majini. Kisha maji yale, ya moto, yenye rangi na machungu kuliko dawa ya malaria, yalikuwa yanatoka kwa mtaro hadi mtoni.

Na mto wetu si mto wa kuonekana. Sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu. Maji yako chini, akina mama wanachimba kwa mikono na karai mpaka yatokee, na kila kisima kina mwenyewe. Kwa hiyo ukimwaga uchafu juu ya mchanga ule unaufunika tu, haujaenda popote.

Wa kwanza kufurahia mtaro wetu walikuwa wachungaji wa mbuzi. Mnajua mbuzi na chumvi. Watu walileta mifugo kutoka mbali ije ilambe kingo za mtaro, wakasema kiwanda kimeleta neema, hata mzee mmoja akaja kumshukuru meneja na jogoo mkononi. Neema iliendelea mpaka mbuzi walipoanza kuhara buluu. Asi! Yule mzee alirudi, na safari hii alikuja kudai jogoo wake.

Sisi tulicheka. Lakini kiangazi kilipokaza, visima vya chini ya kiwanda vikageuka chumvi, na hapo kicheko kikaisha, hasa nyumbani kwangu.

Kisima kilichoharibika kuliko vyote kilikuwa cha mama mkwe wangu. Nilimwita mwaitu, kama tunavyowaita mama zetu, na alikuwa mama kweli kweli, mkali, mfupi, mwenye mgongo uliozoea mtungi. Maharagwe yake yakakataa kuiva. Alichemsha isyo, mahindi na maharagwe pamoja, tangu asubuhi, na jioni ukiuma ni kama unauma kokoto. Alikuja mpaka mlangoni kwangu akasimama nje.

"Ndunge," akasema, "wewe unakula upande ule, sisi tunakunywa upande huu. Mimi sitaingia nyumba hii tena mpaka nijue uko upande gani."

Akaondoka. Aliniuma, sitawadanganya. Nililia kama mtoto, kisha nikamkasirikia, kisha nikajikasirikia kwa kumkasirikia, kwa sababu alikuwa amesema ukweli.

Baada ya hapo chifu akaita baraza. Watu walizungumza mpaka sauti zikakauka. Wengine walitaka kiwanda kifungwe siku ile ile. Wengine, na karibu kila boma lilikuwa na mtu wake kiwandani, waliomba tupewe nafasi. Mimi nilikuwa huko, na mume wangu Mutisya alikuwa dereva wa lori la kiwanda, kwa hiyo lango lile likifungwa, jiko letu linazimika pande zote mbili. Mwishowe chifu akakata maneno: mvua ije ioshe mchanga, kiangazi kijacho akina mama wachimbe upya, na kisima cha mwaitu ndicho kitakachoonjwa. Kikiwa kitamu, kiwanda kinaendelea. Kikiwa na chumvi, lango linafungwa.

Ndipo tukaletewa Injinia Munyao, mtu wa Malili, mrefu kama mlingoti, mcheshi, asiyeona haya kukunja suruali na kuingia kwenye matope. Alinifundisha kila ninachojua. Alikuja na lori lenye mabomba marefu, na ndani ya kila bomba utando mwembamba umeviringishwa kama mkeka. Akatuita tuliokuwa nyuma ya kiwanda akatueleza bila kuringa.

"Huu wa kwanza," akasema, "unazuia rangi na kuacha chumvi ipite. Maji yake ya chumvi yanarudi kwa mapipa ya rangi, hatununui chumvi mpya kila siku. Huu wa pili ni mkali zaidi, unazuia hata chumvi. Maji yake ni masafi, yanarudi kusuuza vitambaa. Yanayobaki, ile chumvi kali ya mwisho, tunayaanika kwenye madimbwi ya saruji, jua la Ukambani litamaliza kazi. Mtoni haliendi tone."

"Na utando unazuiaje?" nikauliza.

"Kwa kusukumwa. Pampu inasukuma maji kwa nguvu mpaka yapenye. Lakini sikia, Ndunge. Utando ni kama mgeni wa heshima. Humpi chakula cha moto kinachounguza, humpi chenye mchanga, na humwachi na sahani chafu mbele yake."

Hilo la mwisho tulilisikia sote, tukatikisa vichwa, na hakuna aliyelishika. Nitalirudia.

Kwanza niwape niliyoyashika, maana haya hayajazeeka. Maji yapoe kabisa kabla hayajafika kwenye utando. Weka nyuma ya mkono wako kwenye bomba, si kiganja, kiganja cha mfanyakazi ni kigumu kinadanganya. Halafu yatulize kwa asidi yale magadi tunayotia pamoja na rangi, kidogo kidogo, na usimwage ukiwa unapiga domo. Acha uchafu ulale chini, pitisha maji kwenye mchanga, halafu ndiyo uyapeleke kwa utando. Ukitaka kujua kama yako tayari, yamimine kwenye bakuli jeupe la bati ulitazame juani. Kama unaona hata kivuli cha rangi ambayo jana haikuwapo, simamisha. Geji nayo itakwambia, lakini geji inasema mambo yakiwa yameshaharibika. Na pampu isikilize. Pampu ikibadilisha sauti usingoje kuuliza mtu, zima kwanza, uliza baadaye. Nimegombezwa mara nyingi kwa kuzima bure, na pampu yangu haikuungua.

Sasa, kulikuwa na mtu mmoja aliyeapa kwamba maji yetu hayatagusa mapipa yake, naye ni Fundi Athumani, mkuu wa rangi. Babu yake alikuja Kitui kutoka pwani akifanya biashara, akabaki. Athumani alizaliwa mjini kwetu, anasema Kikamba kama sisi, lakini Kiswahili chake kilikuwa kimepigwa pasi, na alinitania mchana kutwa.

"Ndunge, Kiswahili chako kimekuja kwa miguu kutoka Tseikuru, kimejaa vumbi."

"Na rangi zako zimejaa maringo," namjibu. "Jaribu maji yangu."

"Bibi wee, siwezi kutia maji yaliyokwisha kuoga ndani ya buluu yangu. Mtoto mmoja avae buluu hii, mwenziwe avae buluu ile, shule nzima waonekane mayatima?"

Hakuwa na ubaya, alilinda kazi yake. Tulimpa kidogo akajaribu kwenye kipande, na kweli kikatoka na madoa. Akakishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa, akakileta kwa Munyao. Munyao hakubishana. Akakaa naye, wakajaribu hiki na kile, wakagundua ni chokaa tuliyokuwa tunatumia kulaza uchafu, ilikuwa inabaki majini na kugombana na rangi. Tukabadilisha, tukatumia shabu. Kipande kilichofuata Athumani alikitazama upande huu, akakitoa nje juani, akakirudisha ndani, akanusa.

"Hiki," akasema, "nani aliyekitia rangi?"

"Wewe," nikamwambia.

"Basi ndiyo maana ni kizuri."

Kuanzia siku hiyo akawa rafiki wa maji yetu, na mtu akiyasema vibaya anajibiwa naye kabla sijafungua mdomo.

Lakini utando wenyewe ulikuwa unakufa. Hapa ndipo nilipotaka kufika.

Kila Jumatatu ilikuwa kilio. Jumamosi tunaacha mitambo inatiririka vizuri, Jumatatu tukiwasha geji inapanda, maji masafi yanatoka kwa machozi. Tunaosha kwa dawa, inapata nafuu, mwisho wa juma iko sawa, Jumatatu tena mgonjwa mahututi. Watu wakasema ni nguvu za giza. Wengine wakasema tumeuziwa utando wa bandia. Utando tulioanza nao tuliuua, tukafunga wa akiba, nao ukaanza kulegea vile vile. Hakukuwa na mwingine. Na mvua ilikuwa imeshapita, mchanga umeoshwa, kiangazi kinakuja. Utando ukifa, maji yanarudi mtaroni, na mtaro unarudi kwenye kisima cha mwaitu.

Jumatatu moja Munyao akafungua mfuniko wa bomba mbele yangu. Ngai wangu! Harufu ilinirudisha nyuma. Ndani kulikuwa na utelezi wa zambarau, umeganda kama uji uliosahauliwa kwenye sufuria.

"Ndunge," akasema, "nieleze Jumamosi mnafanya nini. Usiruke kitu."

"Tunafanya kazi mpaka mchana. Tunazima. Tunagawa maji. Tunaenda nyumbani."

"Mnagawa maji gani?"

Nikamwangalia. "Si yale ya tangi? Yale masafi. Ya kufulia nguo za Jumapili."

Lazima niwaeleze, kwa sababu hii ilikuwa desturi yetu na tuliipenda. Ilianza kiangazi kile kikali, visima vina chumvi, na sisi ni watu wa kanisa. Huwezi kwenda mbele za Mungu na shati lililokauka kwa chumvi likawa linasimama lenyewe. Kwa hiyo tangu mitambo ianze kutoa maji masafi, kila Jumamosi mchana wafanyakazi walipanga foleni kwenye tangi na mitungi yao. Si ya kunywa, hiyo tuliwaambia, ni ya kufua. Tangi likabaki tupu. Na mitambo tuliizima na maji ya rangi yakiwa tumboni mwake, mpaka Jumatatu, kwa sababu Jumapili hakuna wa kuigusa.

Munyao akakalia ndoo. "Nilisema kabla ya kuzima iosheni kwa maji masafi."

"Ulisema. Tangi likiwa na kitu tunaosha."

"Na huwa na kitu?"

"Injinia," nikamwambia, "ule mtungi wa njano unaokwenda Malili kila Jumamosi nyuma ya gari lako, huwa unajazwa na nani?"

Akageuka akatazama gari lake. Kisha akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka tukiwa tumesimama mbele ya ule uvundo mpaka Athumani akaja kuuliza kama mvuke umetupanda kichwani. Mgeni wetu wa heshima tulikuwa tunamwacha siku nzima na sahani chafu, halafu tunaenda zetu kanisani kuimba. Kila mmoja wetu alikuwa amekunywa kutoka kwa kosa lile, mkubwa na mdogo.

Dawa yake ilikuwa rahisi kusema: Jumamosi tangi lote la maji masafi lipite ndani ya mitambo, liondoe rangi na chumvi, ndipo tuzime. Maana yake hakuna maji ya kufua. Munyao akasema atawatangazia wafanyakazi. Nikamwambia, "Wewe ni mgeni, watakusikiliza kwa adabu halafu watafungua mfereji ukigeuka. Niachie mimi."

Jumamosi ilipofika nikasimama mbele ya tangi na funguo kwenye mfuko wa aproni yangu. Foleni ilikuwa ndefu. Mbele kabisa alikuwa Kavata, rafiki yangu tangu utoto, kiongozi wa kwaya, na alikuwa amebeba kikapu cha majoho meupe ya kwaya nzima.

"Fungua," akasema.

"Sifungui. Leo maji yanaosha mitambo."

"Mitambo inaenda kanisani?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi damu ikapanda.

"Kavata, wewe unataka kufua, si ndiyo? Utando huu ukifa hatuna mwingine. Ukifa, maji ya rangi yanarudi mtoni, chifu anafunga lango, na wewe utakaa nyumbani na joho lako jeupe bila kazi, ukichota chumvi. Nenda uambie kwaya hiyo."

"Ndunge, usituletee maneno mengi. Mtungi mmoja tu."

"Hata kikombe sitoi."

Kelele ikaanza. Mmoja akaniita askari, mwingine akasema nimepewa cheo kimenipanda. Nikatazama nyuma ya foleni, nani ninamwona? Mutisya, mume wangu wa ndoa, ameinua mtungi juu ili nisimkose.

"Hata mimi?" akaita.

"Wewe hasa!"

Hapo hata waliokasirika wakacheka, na kicheko kikalegeza mambo kidogo. Munyao akatoka na mtungi wake wa njano, mtupu, akauweka chini mbele ya watu wote akaupindua mdomo chini. Athumani akafungua vali. Tukasimama tukisikia maji yetu masafi yakiingia mitamboni, na upande wa pili yakatoka mekundu, halafu ya waridi, halafu meupe. Kavata alibeba kikapu chake akaondoka bila kuniaga. Nilisikia vibaya sana. Yule alinisimamia harusini.

Kesho yake kanisani kwaya iliingia bila majoho. Wamevaa nguo za kazi, leso zenye vumbi, mmoja na aproni ya kiwanda. Mchungaji akawatazama, akatutazama sisi kwenye viti, na viti vyote vilikuwa vya vumbi.

"Ndugu zangu, kuna msiba?"

"Muulize Ndunge," akasema Kavata kutoka mbele, kwa sauti ya kwaya.

Nikasimama. Mimi ambaye jana nilikuwa simba, nikashika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nikaeleza utando, rangi, tangi, kisima. Nikasema, "Mchungaji, Mungu akitaka kutuona tumefua, atuvumilie mpaka kiangazi. Tunajaribu kumrudishia mto wake." Mchungaji hakujua amshike nani.

Kutoka viti vya nyuma nikasikia sauti ambayo haikuwa imetamka jina langu tangu siku ile mlangoni.

"Mwacheni aketi," akasema mwaitu. "Kwaya, imbeni. Vumbi haliimbi."

Wakaimba, jamani. Kavata alikuwa na hasira bado, na hasira ile ilimpa sauti ambayo joho halijawahi kumpa.

Jumatatu nilifika kabla ya wengine. Munyao akawasha pampu, sote tukakodolea geji macho. Sindano ikapanda kidogo, ikatulia. Maji yakaja, mkondo mzima, yanapiga chini ya tangi kwa kishindo. Nilipiga kelele, Munyao akanyanyua mikono, Athumani akaja mbio akidhani mtu ameungua. Kavata naye akaja, akachovya mkono kwenye yale maji.

"Kumbe hukuwa unaringa," akasema.

"Niliringa kidogo," nikamwambia, tukashikana mikono.

Tangu hapo ikawa sheria: Jumamosi mitambo inaoga kwanza. Na kwa vile utando haukuwa unaziba tena, maji yaliongezeka mpaka katikati ya juma tukawa na ya ziada, na foleni ya kufua ikahamia Jumatano. Hakuna aliyekosa nguo safi. Mtaro ukakauka, ukaota nyasi. Madimbwi yetu yakajaa chumvi chafu tuliyoikwangua na kuihifadhi kwenye magunia ndani ya stoo yenye sakafu, mbali na mbuzi wa mtu yeyote.

Kiangazi kikaja kweli. Siku ya kuonja, mto ulijaa watu kuliko maji uliyowahi kuwa nayo. Chifu alikuwepo, meneja amevaa viatu visivyofaa mchangani, Munyao, Athumani, kwaya nzima na majoho yao, meupe pe. Mimi sikulala vizuri. Nilijua mitambo ni mizima, lakini mchanga una siri zake, na chumvi ya zamani ingeweza kuwa imejificha chini.

Kisima ni chake, kwa hiyo mwaitu ndiye aliyechimba. Alikataa kusaidiwa. Alichota mchanga karai baada ya karai mpaka akazama kiunoni. Maji ya kwanza yakatoka ya matope, akayamwaga. Akangoja. Yalipotakata akachota kwa kata ya kibuyu, akanywa, akasukutua, akatema.

Moyo wangu ulishuka hadi kwenye visigino.

Akachota tena. Safari hii alimeza. Akafumba macho.

"Mama," chifu akauliza, "yana chumvi?"

Alikuwa ananitafuta mimi kwa macho. "Ndunge, shuka hapa."

Nikashuka shimoni. Akanipa kata mkononi.

Chifu akakohoa. "Mama, serikali inangoja kuonja."

"Serikali itaonja baada ya mke wa mwanangu," akasema. "Mwaka mzima nilikuwa nauliza yuko upande gani. Kunywa, mwanangu."

Nikanywa. Yalikuwa maji ya zamani, maji ya siku nilipoolewa, baridi, hayana ladha ya kitu chochote ila maji. Juu yetu Kavata akapiga kigelegele, kwaya ikadakia, na nikasikia meneja na Athumani wakipigana mabega kama watoto. Mimi nilibaki nimeshika ile kata, machozi yananibubujika, siwezi kuyazuia.

Mwaitu akaniangalia, akanishika mkono, akanisukuma juu nitoke.

"Nenda ukalilie huko nje," akasema. "Usinitilie chumvi kisimani."